Mwenyeji Yuko? Miaka Yangu ya Kutembeza Wageni Isiolo

Nimestaafu mwezi uliopita, na magoti yangu ndiyo yaliyofurahi kuliko mtu yeyote. Vijana mnaobaki kwenye kikundi chetu cha kuongoza wageni mliniomba niandike machache kuhusu kazi. Najua mlitarajia kurasa mbili za mawaidha. Mtavumilia. Mtu aliyekula kwa mdomo wake miaka yote hii hawezi kujua kufupisha ghafla.

Kwanza tukubaliane tunaonyesha nini. Mgeni akiambiwa mji fulani zamani ulikuwa makao makuu, anategemea ngome, minara na sanamu ya mtu juu ya farasi. Isiolo haina farasi, ina punda. Lakini makao makuu ulikuwa kweli. Wakati wa mkoloni, Kaskazini yote, kutoka hapa mpaka mipaka ya Ethiopia na Somalia, ilitawaliwa kutoka kwenye zile ofisi za mawe zenye mabati mekundu. Mtu hakupanda kwenda juu bila kibali, na ng'ombe hakushuka kwenda chini bila kupimwa na daktari. Ndiyo maana kila jamii ya Kaskazini ina kipande chake hapa. Kuna waliokuja na ng'ombe, kuna waliokuja na vyeo vya jeshi, kuna walioshuka na ndizi na miraa kutoka mlimani, na kuna waliokuja na njaa. Mimi natoka kwa hao wa mwisho. Naitwa Akai, Mturkana wa mtaa wa Bulla Pesa.

Kabla ya kazi hii nilikuwa nauza vikapu alivyosuka mama yangu, nje ya hoteli moja kando ya barabara kuu. Magari ya watalii yalisimama pale kabla ya kukimbilia mbugani. Watalii walishuka, wakanyoosha miguu, wakaenda chooni, wakapanda tena. Hawakuwahi kuvuka barabara. Kwao Isiolo yote ilikuwa choo. Jambo hilo liliniudhi mpaka nikawa nawauzia vikapu huku nimenuna, na biashara ya kununa mnajua inavyokwenda.

Siku moja Mzee Guyo alinikuta pale nikibishana. Guyo alikuwa Mborana mrefu, mwembamba, aliyewahi kuwa askari kwenye karantini ya mifugo, na baada ya kazi ile kwisha alianza peke yake kuwatembeza wageni wachache mjini kwa miguu. Aliujua mji kama mtu anavyolijua boma lake, lakini lugha zake zilikuwa mbili tu. Asubuhi ile alinisikia nikimjibu mama mmoja kwa Kisomali, nikimtukana mwenye mkokoteni kwa Kimeru, nikimpigia mtalii bei kwa Kiingereza, halafu nikimsalimia yeye kwa Kiborana. Si kwamba nilikuwa nimesoma sana. Bulla Pesa ukicheza na watoto wa jirani unarudi nyumbani na lugha nne na chawa.

"Wewe msichana," akaniambia, "hiyo mdomo yako inakaa bure hapa. Kuja tutembee."

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya mtumba vyenye kisigino, kwa sababu niliona kazi ya kuongea na wageni ni kazi ya ofisi. Kabla ya saa nne kisigino kimoja kilikuwa mfukoni mwangu. Wageni walikuwa mtu na mkewe kutoka Mombasa, watu wapole, waliokuwa wakicheka Kiswahili chetu kwa adabu, wakigeuza uso pembeni. Tulitoka kwenye zile ofisi za zamani tukielekea msikitini, mwendo ambao mtu wa kawaida anaumaliza kabla chai haijapoa.

Lakini Guyo hakuwa mtu wa kawaida. Kwa Waborana salamu si neno la kutupiana njiani, ni ziara nzima. Unauliza amani, unauliza watoto, unauliza ng'ombe, unauliza mvua, unauliza majani, na ukimaliza, mwenzako naye anaanza kukuuliza wewe. Guyo alisimama kwa fundi viatu. Akasimama kwa mwenye duka. Akasimama kwa mtu aliyekuwa amelala kibarazani, akamwamsha ili amsalimie. Adhuhuri ilitukuta hatujafika msikitini.

Nilimvuta pembeni. "Mzee, hawa watu wamekuja kuona mji."

"Sasa nikipita huyu bila salamu," akasema, "kesho ng'ombe yangu ikipotea nitauliza nani?"

Nikadhani wale wageni watakasirika. Badala yake, jioni yule bwana wa Mombasa alitushika mikono akasema, "Sisi kwetu twajidai kwa salamu, lakini huku mmetushinda." Mkewe naye alikuwa ameshajifunza kuuliza habari za ng'ombe na alikuwa akimuuliza kila mtu, hata mhudumu wa hoteli. Nilirudi nyumbani nikichechemea na kucheka peke yangu njiani. Nilijua nimepata kazi ambayo sitaichoka.

Guyo hakunifundisha historia. Alinifundisha kubisha hodi. Kanuni yake ilikuwa moja, na mnaijua kwa sababu nimewapigia kelele nayo: habari ya mtu haisimuliwi na mwingine, mwenyewe akiwa yuko. Tukifika mahali, kiongozi anaita, "Mwenyeji yuko?" Mwenyeji akiitika, anatoka, anasema mambo ya kwao kwa lugha yao, na kiongozi anasimama nyuma yake na kutafsiri. Huongezi chumvi. Huondoi uongo pia, maana uongo wa mwenyeji ni sehemu ya historia yake. Na kiongozi mwenyewe, alisema Guyo, hana kwao mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Hivyo nilijifunza kusimama nyuma ya watu. Nilisimama sana nyuma ya Habiba, Msomali muuza maziwa ya ngamia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusimamisha lori. Babu yake alikuwa askari wa mkoloni, akapewa ardhi hapa baada ya vita. Habiba alikuwa akiwaonjesha wageni suusa, maziwa ya ngamia yaliyochacha, huku akiwatazama machoni. Mgeni akikunja uso, hadithi inakuwa fupi. Akimeza na kuomba tena, Habiba anaeleza mpaka jina la ngamia wa babu yake. Nilisimama pia nyuma ya Mwenda, Mmeru wa miraa, ambaye mikono yake haikuacha kufunga vifurushi kwa majani ya mgomba hata akiwa anaeleza mambo ya huzuni. Mwenda alikuwa akisali Jumapili, akiuza kila siku, na akiwaambia wageni kwamba mji huu ungelala mchana kama si Wameru.

Kwa upande wa vifaa, sahauni vipaza sauti na vijitabu. Bebeni leso mbili au tatu kwenye mkoba, maana kuna mama atakuja msikitini na kichwa wazi na hatajua la kufanya. Bebeni maji, na kofia pana isiyopeperuka, kwa sababu upepo wetu wa Agosti umewahi kunivua kofia ukaipeleka mpaka kijiji cha Leparua, na sijaiona tena. Bebeni biskuti za kumpa mzee yeyote anayeanza kuwakasirikia wageni. Zaidi ya yote, jueni choo kiko wapi. Mtu anaweza kukusamehe ukikosea habari za magavana wa zamani, lakini hatakusamehe akibanwa na wewe bado unaeleza dari ya msikiti.

Kuhusu picha, msiwe na aibu. Mgeni akimpiga mtu picha bila kuomba, simameni papo hapo, mfanye aombe. Niliwahi kumwambia mzungu mmoja mkubwa, tena mbele ya mkewe, arudi nyuma amwombe radhi punda, kwa sababu mwenye punda alikuwa amekasirika kuliko punda. Aliomba. Mwenye punda akacheka mpaka akashikilia mkokoteni, na baadaye ndiye aliyetupakia mvua ilipotunyeshea.

Wageni wagumu ni wa aina nyingi, lakini hakuna aliyenishinda kama bwana mmoja kutoka Nakuru ambaye alikataa kutembea. Alisema amekuja matembezi lakini hakuambiwa ni ya miguu. Akakodi boda, akawa anatufuata polepole, tukisimama naye anasimama, injini ikinguruma wakati mwenyeji anaeleza. Kufika sokoni, nusu ya kundi langu walikuwa juu ya boda. Nikatafsiri mpaka mwisho nikiwa nimekaa nyuma ya dereva mmoja kijana aliyekuwa akinisahihisha. Hebu fikirini aibu hiyo. Lakini siku ile ndiyo niliyopata wafuasi wengi kuliko zote, maana madereva wenyewe walikuja wiki iliyofuata kusikiliza.

Sasa nije kwenye jambo lililokaribia kuua matembezi haya kabisa.

Watu wa kampuni moja ya watalii kutoka Nairobi walituma habari kwamba wanakuja kutujaribu. Wakitupenda, magari yao yatakuwa yakilala mjini, na wageni wao watatembea na sisi. Wasipotupenda, tutaendelea kuwa choo. Guyo aliwaita wenyeji wa kila kituo, tukaketi nyuma ya kibanda cha Habiba kupanga njia. Nilidhani tutamaliza haraka turudi kazini.

Guyo akasema, "Tukitoka ofisi ya zamani, tunaanza kwa nani?"

Mkinijua, mnajua nilivyo na mdomo, lakini pale nilikaa kimya, kwa sababu niliona moto ulipowashwa. Hapa Isiolo ukianza kwa mtu, umesema yeye ndiye aliyetangulia. Na hakuna anayekubali kutanguliwa.

"Mnaanza na sisi," Habiba akasema. "Babu yangu alipewa hii mahali na serikali, cheo iko kwa bega. Nyinyi wengine mlipewa na nani?"

"Serikali gani?" Guyo akamjibu. "Ng'ombe ya baba yangu ilikunywa hii mto kabla serikali haijajua iko."

Mwenda hakuacha kufunga miraa. "Wacheni nicheke. Sisi huo mlima ni yetu, na mto inatoka kwa mlima. Sasa nani alikunywa maji ya nani?"

Ikawa kelele. Mara Habiba amesimama, mara Guyo amesema hataongoza mtu yeyote, anaenda nyumbani. Mwenda akasema kama hawaanzi naye, kituo chake kifutwe. Nilipofungua mdomo ili niwatulize, Habiba akanigeukia, si kwa ubaya, kwa utani wa kila siku, akiniita dada kwa Kisomali: "Abaayo, wewe nyamaza. Nyinyi Waturkana mlikuja jana."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Kicheko hicho nilikijua tangu utotoni. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulishikishwa jembe zamani, tukapalilia, tukapika, tukalinda malango ya watu, na bado tulikuwa wa jana.

Lakini hasira ikinipanda akili yangu huwa inafanya kazi. Nikawaambia, "Sawa, mimi ni wa jana, kwa hivyo sina upande. Niambieni, nani kati yenu alifika hapa bila mnyama?"

Kila mmoja akataja mnyama wake. Hata Mwenda alikiri kwamba babu yake alishuka na punda.

"Basi walioanza ni wanyama. Tutaanza soko la mifugo. Ngamia atatangulia, na hakuna mtu atakayeona haya kutanguliwa na ngamia."

Guyo akaanza kucheka kwa ile sauti yake nyembamba, na Habiba akakaa chini. Wakakubaliana. Na kabla hatujainuka walikuwa wameshaanza ubishi mpya, ngamia wa nani, lakini huo haukuvunja kitu. Wale watu wa Nairobi walikuja, wakaanzia sokoni kati ya ngamia na mbuzi, mmoja wao akaliwa kofia, na wakatupenda. Tangu siku hiyo matembezi yetu yanaanza kwenye kwato, na magari yanalala Isiolo.

Ningetaka kuwaambia kwamba nilifurahi tu. Nilifurahi, lakini miezi michache baadaye mgeni mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Nyeri, aliniuliza tukiwa tunamaliza pale kizuizi cha zamani, upande wa kaskazini, ambapo lami ilikuwa ikiishia na safari ya Moyale ikianza kwa vumbi. "Tumeenda kwa kila mtu," akasema. "Na kwenu ni wapi? Mbona hatujapita kwenu?" Nilimjibu kwamba kiongozi hana kwao. Akaitikia kwa kichwa, lakini nilimwona hajaridhika, na mimi pia sikuridhika.

Nilimwendea Guyo. Nikamwambia nataka Waturkana nao wawe na kituo. Mama yangu yuko, anakaa palepale Bulla Pesa alipofikia enzi za ujana wake, anasuka vikapu, ana mengi ya kusema. Guyo alifikiri kwa muda mrefu, maana alikuwa mtu wa haki.

"Akai," akasema, "mimi nikikuweka, watasema Guyo ameweka mfanyakazi yake. Na wewe ukijiweka, ni mbaya zaidi. Uenyeji mtu hajipi. Unapewa na wale ulikuta."

"Na wasiponipa?"

"Basi tunatembea."

Iliniuma, na sitaficha. Nilitaka kumwambia kwamba ni rahisi kusema hivyo ukiwa na mto na ng'ombe wa baba yako. Lakini nilijua amesema ukweli wa mji huu. Kituo ningekipachika kwa nguvu, watu wangekipita wakitazama pembeni, na mama yangu angeona. Kwa hiyo nikatembea. Kila safari nilipita kwenye kona ya kuingia Bulla Pesa na kundi langu, nikaionyesha kwa kidevu, nikasema, "Huko ni makazi ya watu," nikaendelea. Na kila jioni mama aliniuliza akiwa kwenye kazi yake ya ukili, "Leo mmeenda kwa nani?" Nikamtajia. "Na hapa?" Hapa bado, nikamwambia. Hakulalamika. Alikuwa akisema tu kwamba wageni wangechoka kuzunguka bila kupewa chakula.

Miaka ilipita vizuri. Guyo aliacha kuongoza kwa sababu ya macho, lakini aliendelea kukaa sokoni kama mwenyeji wa ngamia, akisalimia. Mji ulibadilika. Lami ilipita kizuizi ikaenda zake, nyumba za ghorofa zikaota, vijana wakaanza kuniita Madam Tour. Niliwafundisha nyinyi mmoja mmoja, na nilifurahi kila mara mmoja wenu alipochelewa kwa sababu ya salamu. Niliipenda kazi hii kuliko vile nilivyoonyesha. Asubuhi zake zilinipata nimeshaamka, nimeshavaa viatu.

Matembezi yangu ya mwisho nilipewa kundi zuri, akina mama wa chama kimoja kutoka Machakos, wacheshi, wenye miguu imara. Tulianza kwa ngamia. Guyo akaeleza, nikatafsiri. Tukapita ofisi za mawe, tukapita msikitini na leso zangu vichwani mwao, tukafika kwa Habiba. Akawapa suusa, na wakainywa yote wakaomba nyingine. Nikajiandaa kuaga. Lakini Habiba akafunika mitungi yake, akamwita binti wa jirani akae kibandani, akajiunga na kundi.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Natembea. Ni haramu?"

Kwa Mwenda ikawa vivyo hivyo. Alimaliza kueleza, akafuta mikono, akafunika miraa kwa gunia lenye maji, akaja. Sijawahi kumwona Mwenda akiacha miraa mchana. Nikageuka nyuma na kumwona Guyo naye anakuja, ameshikwa mkono na mwenye duka mmoja, yuko mbali kwa sababu ya salamu. Nilidhani wanataka kunisindikiza mpaka kizuizini, na nikawa nimeshaanza kukohoakohoa ili machozi yasione mwanya.

Tulipofika ile kona, Habiba akageuka kuingia Bulla Pesa.

"Si huku," nikasema. "Habiba, njia ni hii."

"Wewe leo nyamaza. Umetupeleka miaka yote. Sasa wewe ndio unapelekwa."

Hapo nikaelewa, na jambo la kwanza lililonijia, naona haya kusema, lilikuwa kamba ya nguo. Nilikuwa nimefua asubuhi. Nguo zangu zote, na za ndani, zilikuwa zinapepea uani mbele ya wageni kutoka Machakos. Nilijaribu kutangulia mbio lakini magoti yalikataa, na Mwenda akanishika mkoba. "Madam, pole pole. Hizo nguo haziendi mahali."

Kiwanja kilikuwa kimefagiwa. Nguo zilikuwa zimeanuliwa. Mama yangu alikuwa ameketi mlangoni, amevaa shanga zake zote na juu yake kitambaa cha kichwa cha kanisani, na sufuria kubwa ilikuwa kando yake juu ya mafiga, ikichemka. Habiba na wenzake walikuwa wamepanga naye siku kadhaa bila mimi kujua. Akina mama wakajaa uani. Guyo akafika mwisho, akihema. Wakanitazama wote, na mimi nikabaki nimesimama kama mtoto aliyesahau shairi.

Guyo akamwashiria Habiba kwa kichwa, na Habiba, kwa ile sauti yake ya kusimamisha lori, akaita, "Mwenyeji yuko?"

Nimeliita neno hilo maisha yangu yote ya kazi kwenye milango ya watu, na sikuwahi kulisikia likiitwa kwetu. Nilisogea mbele. Nikasafisha koo. Nikasema, "Karibuni. Hapa ni kwetu. Sisi Waturkana—"

"Akai," mama akasema kwa Kiturkana, "nyamaza. Mwenyeji ni mimi. Wewe simama nyuma, utafsiri."

Hata wasiojua Kiturkana walielewa. Ua mzima ulicheka. Nikarudi nyuma ya kiti chake, mahali pangu palepale pa siku zote, na nikatafsiri.

Mama alisema alikuja kwa miguu kutoka kaskazini, mwaka ambao mbuzi walikufa wote, kaka yangu akiwa mgongoni mwake na baba akiwa nyuma akiwashika mkono wazee. Alisema hakujua kama huu ni mji au ni kambi. Mama mmoja wa Machakos akauliza lile swali ambalo wageni huuliza kila mahali: alipofika, aliwakuta akina nani? Nani alitangulia? Nikasita kutafsiri, maana nilijua swali hilo linavyowasha moto hapa. Nikatafsiri.

"Sikuuliza," mama akasema. "Nilikuwa na kiu. Mwanamke mmoja alitoka nyumbani kwake, akanipa maji, akampa na mtoto. Hakuniuliza natoka wapi. Nikasema basi, tutakaa hapa."

Nilipomaliza kutafsiri, Habiba akasema, "Huyo alikuwa nyanya yangu."

"Nyanya yako wapi?" Guyo akasema. "Hiyo upande yote ilikuwa ya Waborana. Huyo ni mama yangu. Mama yangu alikuwa hapiti mtu na kiu."

"Hapana, hapana," Mwenda akasema, na kwa mara ya kwanza mikono yake haikuwa na la kufunga, ikawa inapunga hewani. "Kisima ilikuwa ya shosho yetu. Ulizeni mtu yeyote. Huyu mama alikunywa kwetu!"

Wakapandishiana sauti, wote watatu wamesimama, kila mmoja akimwonyesha mama kwa kidole kama mali yake. Akina mama wa Machakos walinivuta nguo, wakiuliza wanagombania nini. Nilifungua mdomo nikashindwa. Miaka yote hiyo sijawahi kushindwa kutafsiri.

Mama akanigeukia, akauliza vilevile, "Wanagombania nini hao?"

Nikamwambia.

Akawatazama mmoja baada ya mwingine, akatabasamu, akafunua sufuria kuona kama chakula kimeiva.

"Waambie safari ilikuwa ndefu," akasema. "Nilikunywa kwa wote."